Mafuta ya transi na kampeni za kuyaondoa kwenye chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifanya kazi bekari moja Tanga miaka sita, na saivi nakaa sana na mama lishe na wakaanga chipsi tukiongea habari za mafuta. Maswali ni yaleyale, leo Tanga, kesho Mombasa kwa ndugu zangu, kwaiyo nimeyakusanya hapa nikayapa namba. Ukiona nimeandika "angalia swali la 8" nenda huko, sitaki kurudia kitu kimoja mara tano.

## Tuanze na msingi

1. Mafuta ya transi ni nini hasa?

Chukua mafuta ya maji, tuseme ya soya au ya pamba, yale yanayomiminika. Kiwandani wanayapasha moto, wanapitisha gesi ya haidrojeni ndani yake huku kuna nikeli kidogo ya kuchochea, na mafuta yanaanza kuwa mazito. Ukiyaacha yafike mwisho wa safari yanakuwa magumu kama mshumaa. Ukiyakatisha njiani yanakuwa laini, yanapakika kwenye mkate, yanakaa vizuri kwenye unga wa keki, na ndo viwanda vilivokuwa vinataka hivo.

Shida iko hapo njiani. Haidrojeni isipomaliza kazi, chembe nyingine za mafuta zinabadilika umbo, zile zilizokuwa zimepinda zinanyooka. Hizo zilizonyooka ndo mafuta ya transi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mafuta yaliyotiwa haidrojeni nusunusu yanaweza kuwa na transi asilimia 25 mpaka 45, yaani robo mpaka karibu nusu ya kile unachochota na kijiko.

Yapo pia machache ya asili kwenye maziwa na nyama, hayo tutayakuta swali la 18.

2. Yanamfanya nini mtu?

Kwenye damu kuna kolesteroli, lehemu kwa Kiswahili cha vitabuni. Kuna ile inayojibandika kwenye kuta za mishipa na kuna ile inayosaidia kuondoa uchafu. Mafuta ya transi yanapandisha ile mbaya na hapohapo yanashusha ile nzuri, na hii ndo inayoyatofautisha na mafuta mengine yote tunayoyajua. Watafiti wawili wa Uholanzi, Mensink na Katan, walilionyesha hilo 1990 kwa kuwalisha watu wazima wenye afya vyakula vilivyopimwa na kuangalia damu yao.

Mwaka 2006 wataalamu wakaziweka pamoja tafiti kubwa zilizofuatilia watu kwa miaka, wakakuta ukiongeza transi kwa asilimia 2 tu ya nguvu unayopata kwenye chakula, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inapanda asilimia 23. Sasa hiyo asilimia 2 ni ngapi? Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku ni kama gramu 4 na nusu. Kijiko kimoja cha chai, basi. Ndo maana mimi swala hili sitaki kulichukulia kimzaha hata kidogo, kwa sababu kijiko cha chai kinaingia kwenye chakula cha mtu bila yeye kujua, kinaingia na biskuti, kinaingia na chipsi, na mtu anajiona kala kidogo.

Na faida yake mwilini hakuna. Chumvi ikizidi ni mbaya lakini mwili unaihitaji, sukari hivohivo inatoa nguvu, haya mwili hauyahitaji kabisa.

3. Kama ni mabaya hivo, kwa nini yalitengenezwa?

Hakuna aliyeamka asubuhi akasema ngoja niwaue watu. Mkemia wa Kijerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa haidrojeni 1902. Mwaka 1911 Marekani ikaingia sokoni Crisco, mafuta meupe ya kupikia yaliyotokana na pamba, yakauzwa kama kitu safi na cha kisasa kuliko mafuta ya nguruwe. Yalikuwa rahisi kuliko siagi, hayachachi upesi, na unaweza kukaangia mara nyingi.

Mimi nimeyashika kwa mikono yangu. Sina hakika yale ya bekari yetu yalikuwa na transi kiasi gani kwa sababu boksi liliandikwa mafuta ya mimea tu, lakini navyokumbuka ni bonge jeupe, ukibonyeza kidole alama inabaki, saa nane mchana joto la Tanga unalolijua na bonge halijatoa hata jasho. Keki zilizotengenezwa nayo zilikaa dukani wiki tatu na bado laini. Mwenye biashara akiona hivo utamlaumu nini? Anachokiona ni hasara imepungua.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi. Miaka ya 1980 wanaharakati wa afya Marekani waliwasukuma wenye migahawa waache mafuta ya ng'ombe na mafuta ya nazi na mawese, na migahawa mingi ikahamia kwenye mafuta ya haidrojeni ikidhani ndo salama. Shirika mojawapo lililokuwa mbele, CSPI, baadae lilibadilika likawa kati ya wapinzani wakubwa wa transi, 1994 wakapeleka ombi serikalini kwamba yaandikwe kwenye lebo. Nawaheshimu kwa hilo, kukubali ushahidi mpya ukiwa umeshasimama jukwaani sio rahisi.

4. Kwaiyo samli, nazi na mawese nayo ni transi? Si yanaganda pia?

Hapana. Kuganda peke yake sio dalili. Samli, nazi na mawese yanaganda kwa asili yake bila haidrojeni. Yana ubaya wake ukizidisha, yanapandisha lehemu mbaya, na daktari akikwambia upunguze msikilize. Ila sio transi za kiwandani. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kuna watu wameacha tui la nazi wakahamia biskuti za paketi wakidhani wamejiokoa.

## Kampeni zilivyoanza

5. Nani alianza kupiga kelele?

Jina la kulikumbuka ni Fred Kummerow, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 1957 aliandika kwenye jarida la Science kwamba amekuta mafuta ya transi kwenye miili ya watu waliokufa, mpaka kwenye mishipa ya damu. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inaangalia mafuta ya wanyama, hakuna aliyemsikiliza sana, viwanda ndo kabisa.

Akaendelea. 2009 akiwa na miaka zaidi ya 90 akaandika ombi rasmi kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwamba mafuta haya yapigwe marufuku. Kimya. 2013 akaishtaki mamlaka mahakamani kwa kutomjibu. Mwaka huohuo ikatoa tamko la awali kwamba mafuta ya haidrojeni nusunusu hayawezi kuhesabiwa kuwa salama, na Juni 2015 ikatoa uamuzi wa mwisho, viwanda vikapewa miaka mitatu. Mzee alikuwa na miaka 100. Alifariki 2017 akiwa na 102, mwaka mmoja kabla marufuku haijaanza kufanya kazi. Kutoka lile andiko la 1957 mpaka uamuzi ni miaka 58, mtoto anazaliwa anakuwa babu.

6. Kwa nini kila mtu anataja Denmark?

Kwa sababu ndo nchi ya kwanza kuweka kikomo cha sheria, 2003. Walisema hivi: kwenye kila gramu 100 za mafuta ndani ya chakula, transi za kiwandani zisizidi gramu 2. Hawakuhangaika na lebo wala matangazo ya "jihadhari", walimwambia mwenye kiwanda moja kwa moja.

Daktari mmoja wa huko, Steen Stender, pamoja na wenzake walizunguka nchi nyingi wakinunua chipsi na vipande vya kuku kwenye migahawa ileile ya mnyororo na kupima maabara. Mlo uleule wa kampuni ileile, Denmark ulikuwa na chini ya gramu 1 ya transi, New York kama gramu 10. Jina moja juu ya mlango, karatasi ileile ya kufungia. Tofauti ilikuwa sheria tu, yaani kampuni ilijua kabisa namna ya kupika bila transi ila ilipika hivo pale tu ilipolazimishwa.

7. New York walifanyaje?

Hapa pana darasa kubwa, hasa kwa wale wanaosema "tuelimishe watu kwanza". Jiji la New York lilianza na hiyohiyo elimu. 2005 idara ya afya chini ya Thomas Frieden ilifanya kampeni ya hiari, ikaandikia migahawa yote, ikatoa mafunzo, ikawaomba wenye hoteli kwa upole. Mwaka ukaisha wakapima tena: mwanzoni migahawa iliyotumia mafuta hayo ilikuwa kama nusu, na mwishoni ikawa kama nusu. Haikusogea!

Desemba 2006 bodi ya afya ikapiga kura kupiga marufuku. Walifanya kwa hatua, Julai 2007 mafuta ya kukaangia na ya kupaka, Julai 2008 vitu vya kuoka na unga wa hamira unaodumbukizwa kwenye mafuta, maandazi yao yale yenye tundu katikati. Waliwapa waokaji muda zaidi kwa sababu kubadilisha mafuta ya keki ni kazi, mimi mwokaji nakwambia, unga haukubali ovyo. Kukawa na kituo cha msaada ambapo mpishi anauliza atumie nini badala yake. Kufika Novemba 2008 migahawa iliyokuwa bado inatumia ilikuwa chini ya asilimia 2.

8. Sasa kwa nini msielimishe watu tu wakaamua wenyewe?

Jibu la kwanza ni hilo la New York hapo juu. La pili, mtu anaamuaje kitu asichokiona? Transi haina harufu, haina rangi, haina ladha yake. Sigara unaiona, pombe unaijua. Hii ipo kwenye andazi la shilingi mia mbili ambalo aliyeliuza mwenyewe hajui.

La tatu, na kwangu ndo zito kuliko yote, anayekula vyakula vya bei ya chini ndo anayebeba mzigo. Mwenye pesa atanunua siagi halisi na kusoma lebo kwa miwani, yule anayekunywa chai na andazi kituo cha daladala saa kumi na moja alfajiri utampa kipeperushi cha nini. Ukiondoa kiwandani umemwondolea yeye na tajiri siku moja.

Hii haimaanishi kelele za umma hazisaidii. 2003 mwanasheria mmoja wa California, Stephen Joseph, alimshtaki mtengenezaji wa biskuti za Oreo kwa ajili ya transi, akaiondoa kesi baada ya muda mfupi akisema watu sasa wamejua. Alikuwa sahihi, magazeti yote yaliandika na watu walianza kuuliza. Kelele zinafungua mlango, lakini sheria ndo inayoingia ndani.

9. WHO wanaingia wapi?

Mei 2018 walitoa mpango wanaouita REPLACE, wakaiomba dunia iondoe transi za kiwandani mpaka mwisho wa 2023. Mkurugenzi wao Tedros, Mwethiopia, ameyaita hadharani kemikali ya sumu isiyostahili kuwemo kwenye chakula. Wanakubali njia mbili, ama kikomo cha gramu 2 kwa gramu 100 za mafuta kwenye vyakula vyote, ama kupiga marufuku kabisa mafuta yaliyotiwa haidrojeni nusunusu.

Lengo halikutimia lote ila hatua ni kubwa. 2018 sera nzuri za namna hiyo zililinda asilimia 6 tu ya watu duniani, mwisho wa 2023 nchi zilikuwa 53 na watu bilioni 3.7, asilimia 46. Umoja wa Ulaya ulianza kikomo chake Aprili 2021, India ikafika asilimia 2 mwaka 2022. India naitaja kwa makusudi, nchi ya wala mafuta kama sisi, sambusa na jalebi kila kona, na walikuwa wamezoea samli ya kiwandani wanayoiita vanaspati miaka na miaka.

10. Na watu wamepona kweli au ni makaratasi?

Watu wamepona. Jimbo la New York lilikuwa na kaunti zilizoweka marufuku na nyingine hazikuweka, kwaiyo watafiti walilinganisha. Miaka mitatu na zaidi baada ya marufuku, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na kiharusi walipungua asilimia 6.2 zaidi kwenye zile zenye sheria. Denmark nako uchambuzi ulionyesha vifo vya moyo na mishipa vimepungua kwa kama watu 14 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka ukilinganisha na hali ingekuwaje bila sheria. Ukisikia 14 unaweza kusema kidogo, lakini piga hesabu ya mji wenye watu milioni moja, hao ni 140 kila mwaka, misiba 140 ambayo haikutandikwa mkeka.

## Afrika na kwetu

11. Afrika kuna nchi zimefanya hili?

Zipo. Afrika Kusini iliweka kikomo cha gramu 2 tangu 2011, mapema kuliko nchi nyingi tajiri. Nigeria imepitisha kanuni zake kupitia NAFDAC, mamlaka yao ya chakula na dawa, baada ya asasi za kiraia kusukuma kwa miaka, na 2023 WHO iliihesabu pamoja na Misri kati ya nchi mpya zenye sera nzuri. Nigeria wanakaanga kuliko sisi, jamani, akara zao na pafu pafu zao zipo mpaka leo na foleni ipo.

12. Ndugu zetu wa Oman wamefikia wapi?

Mbali sana. 2025 WHO iliitambua Oman, pamoja na Austria, Norway na Singapore, kwa kuthibitisha kwamba imeyaondoa. Mwaka uliotangulia Saudi Arabia ilikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa pamoja na Denmark, Lithuania, Poland na Thailand. Kwaiyo sambusa na maandazi ya Muscat, ambayo baadhi ya wanaoyapika wanaongea Kiswahili cha Unguja, hayajafa wala hayajapoteza ladha.

13. Mimi raia wa kawaida nifanye nini?

Uliza kwa maandishi. Kila nchi ina shirika la viwango, Tanzania ni TBS, Kenya ni KEBS, na hawa wana viwango vya mafuta ya kula. Uliza swali moja tu lililonyooka: kwenye kiwango cha bidhaa hii, kikomo cha mafuta ya transi ni gramu ngapi kwa gramu 100 za mafuta, na lini mara ya mwisho mmepima sokoni? Usiandike insha. Swali lenye namba ndani ni gumu kulikwepa. Muulize na mwenye kiwanda, namba za huduma kwa wateja zipo kwenye kopo. Nimeshakaa na kikundi cha akina mama kumi na mbili tukaandika barua kumi na mbili siku moja, na majibu yalikuja.

14. Hamtawaumiza mama lishe na wauza chipsi?

Hili ndo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote na nalielewa. Sheria nzuri haimkuti Mama Lishe kwenye jiko lake, inamkuta mwenye kiwanda na mwenye kontena bandarini. Yeye ataenda dukani kama kawaida, dumu lilelile, isipokuwa kilichomo ndani kimebadilishwa. Ukiona mtu anapendekeza mgambo wapite kupekua makarai, huyo hajaielewa kampeni hii, mkatae.

Kuhusu bei, kuna mafuta mbadala mengi na viwanda vikubwa vimeshabadilisha kwa ajili ya masoko mengine, ujuzi upo. Na ladha kumbuka New York na Denmark, watu waliendelea kula bila kushtuka.

## Dukani na jikoni

15. Nitajuaje kwenye lebo?

Tafuta orodha ya viungo, yale maandishi madogo. Lebo zetu nyingi ni za Kiingereza, kwaiyo maneno ya kuyatafuta ni "partially hydrogenated", yaani yametiwa haidrojeni nusunusu. Ukiyaona rudisha kopo. Ikiandikwa "hydrogenated" peke yake bila kueleza nusu au kamili, mimi nairudisha pia. Ikiandikwa mafuta ya mimea tu, lebo haijakwambia kitu, fanya kama swali la 13.

Vya kuangalia kwanza ni biskuti za krimu, keki za paketi, mafuta meupe ya kuokea, majarini ngumu, unga wa krimu wa kahawa, na bisi za kupasha kwenye maikrowevu.

16. Imeandikwa transi gramu 0. Nimuamini?

Inategemea sheria ya lebo inakotoka. Marekani lebo zilianza kutaja transi 2006, lakini chini ya nusu gramu kwa resho moja, yaani kile kipimo cha kula mara moja kilichoandikwa kwenye paketi, inaruhusiwa kuandikwa sifuri. Sasa tuseme resho ni biskuti mbili. Tuseme ina gramu 0.4, wewe umekaa na filamu ukamaliza resho sita, hapo umekula gramu 2.4 na paketi inasema sifuri. WHO wanasema kwa siku nzima mtu anayekula kalori 2,000 asizidi gramu 2.2. Kwaiyo kama inatoka nje, soma orodha ya viungo, usisome ile sifuri.

17. Kurudia kukaangia mafuta yaleyale kunaleta transi?

Kidogo sana kwa moto wa kawaida wa jikoni. Watu wengi wameambiwa kwamba mafuta ya maji yakirudiwa mara tatu yanageuka transi, sio kweli kwa kiasi hicho, chanzo kikubwa ni kiwandani. Ila usishangilie. Mafuta yaliyorudiwa mpaka yamekuwa meusi, yanatoa povu na moshi unawasha macho, yana vitu vingine vibaya vinavotokana na kuungua, hayo mwaga. Chuja kila ukimaliza, usiache mabaki ya unga chini ya karai maana ndo yanayounguza mafuta, na moto usiwe wa kutoa moshi.

Majarini nayo inaulizwa hapahapa: kuna zenye transi na zisizo nazo, siku hizi nyingi zimetengenezwa upya, kwaiyo usihukumu kopo kwa jina, fuata swali la 15. Kwa kawaida ile laini ya kuchota na kijiko ina nafuu kuliko ile ngumu ya kukata na kisu.

## Maswali ya ndani zaidi

18. Maziwa na nyama zina transi za asili. Mbona hamzipigi vita?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanazitengeneza tumboni, bakteria wanaomeng'enya majani ndo wanaofanya. Ni asilimia chache tu ya mafuta yao, na mtu anayekula kawaida hafiki kiwango kikubwa. Kikomo cha Denmark kinahusu za kiwandani tu. Ile 2.2 ya WHO inahesabu zote, kwaiyo anayekula nyama choma yenye mafuta kila siku asijifiche nyuma ya neno asili.

19. Na mafuta yaliyotiwa haidrojeni mpaka mwisho?

Hayo karibu hayana transi, kama nilivosema swali la 1 shida iko njiani. Yanakuwa magumu mno, viwanda vinayachanganya na mafuta ya maji kupata ulaini. Yana uzito wa mafuta ya kuganda, sio chakula cha afya, lakini hayapo kwenye vita hii.

20. Wakiondoa transi si watajaza mawese tu?

Mara nyingi wanafanya hivo, na kwetu sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia ni mawese tayari. Kwa moyo, mawese ni nafuu kuliko transi, hilo halina ubishi. Alizeti, soya, karanga, pamba na ufuta ni bora zaidi pale mapishi yanaporuhusu. Argentina walipoondoa transi walitumia sana mbegu za alizeti za aina maalumu ambazo mafuta yake yanastahimili moto. Ukifika Singida na Dodoma ukaona alizeti ilivyotanda njiani unajiuliza kwa nini tusiwe sisi. Msitu uliokatwa kwa ajili ya mawese huko Asia nao ni hoja ya kweli, lakini isitumike kuacha sumu kwenye biskuti ya mtoto.

21. Kampuni kubwa zimeahidi kuacha zenyewe, sheria ya nini tena?

Muungano wa kampuni kubwa za vyakula na vinywaji ulitoa ahadi 2019 kufikia kikomo cha gramu 2 ifikapo 2023. Ni jambo jema. Ila hao ni wachache, na kuna viwanda vya kati na waagizaji ambao hawajasaini popote. Kampuni ikibadilika na jirani yake asibadilike, mafuta ya bei ya chini yanatafuta nchi isiyo na sheria. Hilo ndo linalonikosesha usingizi, kuwa sisi ndo tuwe hiyo nchi.

22. Nimekula hivi miaka ishirini, nimeshaharibika?

Lehemu ya damu inajibu haraka. Kwenye majaribio kama yale ya Uholanzi, wiki tatu za chakula tofauti zilitosha kuonyesha mabadiliko. Kilichojibandika kwenye mishipa ni habari nyingine, hakiondoki kwa wiki. Kama una miaka 40 na kuendelea, au presha, sukari, au kwenu kuna aliyekufa ghafla na moyo, kapime lehemu na presha hospitali. Mimi nimepima mwaka jana kwa mara ya kwanza nikiwa na 46, na niliogopa kuingia ile chumba kuliko nilivyoogopa kitu chochote bekari.

23. Naweza kupima mafuta yangu nyumbani?

Hapana. Zile video za kuweka mafuta kwenye friji, au kuwasha utambi, hazipimi transi. Inatakiwa maabara yenye mashine inayogeuza mafuta kuwa mvuke na kuyatenganisha chembe kwa chembe. Ukiwa na wasiwasi na bidhaa, chukua kopo ambalo halijafunguliwa, tunza risiti, piga picha namba ya toleo na tarehe, peleka shirika la viwango na uombe risiti ya kupokea malalamiko yako. Bila hiyo namba ya toleo hawawezi kufuatilia, na watu wengi wanapeleka kopo tupu lililooshwa.